Kilo Mbili za Kutu

Sisi wa Mabatini hatuhitaji kufundishwa neno kutu.
Tunalala chini yake. Vuli ikikaribia
tunajua kwa harufu, kabla ya tone la kwanza,
bati lipi litavuja juu ya kitanda cha nani.

Lakini Mwalimu Rwegoshora alitaka tuione ikizaliwa.
Neli tatu za kioo, misumari mitatu ya duka moja,
na maji aliyotutuma kuyachota Kirumba,
penye mawe, mbali na mafuta ya injini.
Neli ya kwanza: maji yaliyochemshwa mpaka yakaishiwa pumzi,
juu yake alizeti, ili hewa isirudi kwa mlango wa nyuma.
Ya pili: hewa tupu, na chembe nyeupe zinyonyazo unyevu.
Ya tatu aliiacha wazi, maji na hewa wakutane.

"Ziwa letu halina chumvi," alisema, "litakula polepole.
Mimi nimefundisha Tanga. Kule msumari haufiki Ijumaa."

Jumatatu ya pili
msumari wa tatu ulikuwa umeota ndevu nyekundu.
Ile miwili bado ya dukani.
Mimi nilidhani mwizi ni maji. Bituro aliapa ni hewa.
Kumbe ni ubia, peke yake hakuna aliyeweza:
chuma hutoa elektroni, oksijeni hupokea,
maji husimama katikati kama dalali.
Kikulacho ki nguoni mwako.
Na chuma, maskini, nguo yake ni hewa.

Siku hiyohiyo mama aliuza nanga,
ile aliyoiacha baba alipohamia Nansio kwa watu wengine.
Ilikaa nyuma ya jiko misimu minne,
ikichora duara jekundu kwenye saruji
kila mvua ilipoifikia.
Ngasa wa vyuma chakavu akaitundika kwenye mizani,
akaigonga kwa nyundo, magamba yakadondoka.
"Thelathini na moja. Natoa mbili, za kutu.
Kutu si chuma, mama."
Mama alishaanza kuitikia.

Nikasema, subiri.
Nikasema, kutu haipunguzi uzito wa chuma, huuongeza,
tumepima wenyewe darasani.
Ngasa akapiga kofi. "Umesikia! Hata shule iko upande wangu.
Sasa mimi nilipie upepo?"

Nikanyamaza. Nilikuwa nimejifunga kamba mwenyewe.

Kisha nikachuchumaa, nikaokota gamba moja,
nikaandika nalo sakafuni, lilichora vizuri kuliko chaki.
Chuma, hamsini na sita, mara mbili.
Oksijeni, kumi na sita, mara tatu.
Na maji, kumi na nane, maana kutu ni mnywaji.
Jumla mia moja sabini na nane,
na chuma ndani yake mia na kumi na mbili.
Kwa hiyo katika kilo zako mbili, Ngasa,
upepo na maji havizidi robo tatu ya kilo.
Kilo na robo iliyobaki ni chuma,
chuma kilekile, kimebadili jina baada ya kuolewa.
Huko tanurini makaa yatakiandikia talaka,
kitarudi kwao.

Aliitazama sakafu kwa muda.
Akamtazama kijana wake wa mizani, ambaye alijifanya anafunga kamba.
Akaongeza noti ya elfu moja, si kwa furaha,
akasema siku nyingine nanga iuzwe mimi nikiwa shule.

Nilitarajia mama acheke.
Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa
anahesabu kwa vidole:
baiskeli, mwaka ule wa kipindupindu.
Kitanda cha Nyanjige.
Mabati kumi na tisa ya nyumba ya kwanza.
"Na hivyo," akauliza, "alinitolea kilo ngapi?"

Nikatafuta gamba jingine.
Sakafuni palibaki nafasi ndogo.