Skrubu Iliyobaki

Ilitoka kwenye boksi ikiwa kimya kama mgeni.
Lita moja ilinitoa Mabatini hadi Igoma, ikanirudisha,
na kesho yake bado tangi lina harufu ya akiba.
Kosa lake lilikuwa hilo tu: haikunisumbua.

Siku hiyo, kijiweni Buzuruga,
fundi Bwire aliipiga tangi kofi, akainamisha sikio.
"Hii wameiminya," akasema. "Kulekule kiwandani.
Ndani yupo farasi, wamemfunga kamba."

Na mimi usiku kucha nikamsikia farasi.

Nikaanza na chujio, jekundu, la koni,
elfu thelathini na tano. Hewa, akasema, ni chakula.
Kisha kabureta kubwa, maana mwenye hewa nyingi hutaka mafuta mengi.
Kisha ekzosi fupi, maana alaye sana, mnajua, lazima atoe.
Kisha jeti. Kisha jeti nyingine.
Plagi yenye ncha kama sindano ya cherehani.
Silinda ikatanuliwa,
pistoni ikaja imevikwa karatasi ya bluu,
nikaipakata kifuani kama kichanga,
siku ambayo kichanga changu mwenyewe, Kabula,
alikuwa na deni la maziwa la wiki mbili.
Hesabu hiyo sikumwambia fundi.
Hakuniuliza.

Basi ikanguruma! Watu walitoka nje na miswaki mdomoni.
Yale mawe yaliyobebana juu ya paa zetu
tangu mlima haujapewa jina,
nilidhani leo yatashuka.
Hayakushuka. Kilichoshuka ni pochi,
na petroli ikanywewa kama pombe ya msiba.

Milembe, nesi wa zamu ya usiku,
abiria wangu wa miaka miwili asiyeomba chenji,
aliziba masikio, akasema kwa upole
kwamba wagonjwa wake ndiyo kwanza wamelala.
Tangu hapo akawa anapanda kwa Lushinge.

Lushinge! Pikipiki kuukuu ya mkataba,
kiti kimeshonwa kwa uzi wa nyavu,
akanipita mlima wa Bugando,
Milembe nyuma, kiroba cha dagaa mbele,
mimi mtupu, gia ya kwanza, nakohoa moshi,
injini ina joto hadi goti linanipa taarifa.
Hakunipigia hata honi.
Afadhali angenipigia.

Nikaenda kwa Bwire. "Irudishe."
"Irudi wapi?"
"Ilikokuwa."
Akacheka, si kwa ubaya.
Kabureta ya zamani, ile niliyomwachia
anipunguzie elfu kumi, alishaiuza.
Kwa nani?
Akafuta mikono kwa muda mrefu, akiangalia upande wa ziwa.
"Si huyo Lushinge."

Ndiyo nikajikuta nimekaa juu ya ndoo uani kwa Lushinge,
nakunywa uji wake,
namsihi aniuzie pumzi yangu kwa elfu arobaini.
"Nipe thelathini," akasema, "na uniachie hiyo yako kubwa.
Naona ina nguvu."

Nikafungua mdomo nimwambie.
Uji ulikuwa wa moto.
Nikaufunga.

Sasa iko kimya tena. Lita moja, Igoma na kurudi.
Bwire alipomaliza kufunga, skrubu moja ilibaki kiganjani mwake.
Tuliigeuza juani, tukazunguka pikipiki mara tatu;
hakuna tundu lililoidai.
"Haina kazi hiyo," akasema, akanipa.
Naitembeza mfukoni, kati ya ufunguo na sarafu.

Jana, saa tano usiku, nikamsikia farasi
akikohoa kule mlimani, akizima, akiwashwa, akizima.
Nikavuta shuka.

Muda si muda simu ikalia. Milembe.
"Uko wapi wewe? Zamu inanipita."
"Niko njiani," nikasema.
Sikuwa njiani.
Nilikuwa nimeketi kitandani gizani,
nimeikamata ile skrubu.