Mfereji wa Meza ya Nne

Miaka mitatu tulisimama ndani ya maji ya damu,
zamu ya usiku, kiwanda cha minofu, Igogo,
mabuti yakinywa, vidole vya miguu vikikunjamana
kama ndimu za juzi.
Tukasema: ndivyo kulivyo.
Tukasema: sakafu hii ilimwagwa pamoja na laana.

Masalu wa mizani alikuwa na habari nyingine,
kila mwezi habari mpya:
meneja anabadilishwa,
wanunuzi wa Ulaya wanakuja kukagua,
ikifika Saba Saba hapa patawekwa vigae.
Tukamwamini. Ilikuwa tamu kama chai ya saa nane usiku
na iliisha upesi vivyo hivyo.
Saba Saba ikapita na vumbi lake.
Maji yakabaki kwenye vifundo.

Ndipo akaletwa Nyanjige, mtoto wa Ukerewe,
kibarua wa wiki mbili, hata beji hana.
Siku ya kwanza akauliza: Yanatakiwa yatokee wapi?
Tukacheka. Mtu akamjibu: Muulize Mungu.
Siku ya pili akauliza tena.
Siku ya tatu hakuuliza;
alipiga magoti chini ya meza ya nne,
mkono hadi kwapani,
akaanza kutoa

magamba, magamba, magamba yaliyoshikana kama saruji,
kijiko,
kichwa cha sangara, jicho bado limo,
na glovu ya bluu, kidole gumba kimeshonwa
kwa uzi mwekundu.

Uzi wangu.
Glovu yangu, niliyoitafuta mwaka juzi,
nikawalaumu watu wa stoo,
nikakatwa elfu tatu, nikasema ndiyo bahati yangu.

Maji yalikoroma, yakazunguka, yakaondoka.
Hakuna aliyepiga makofi.
Tuliitazama sakafu kama watu walioonyeshwa
chumba wasichokijua ndani ya nyumba yao.

Sisemi mfereji ni mshahara.
Mshahara ni uleule, meneja ni yuleyule,
na jana Masalu ameanza habari ya bonasi;
nilijikuta nimesogea karibu kusikiliza.

Lakini Nyanjige alipomaliza wiki zake mbili
nilikwenda stoo, nikaomba fimbo ndefu
na wavu wa kufunika tundu.
Wakasema havipo.
Nikauliza: Vinatakiwa vitoke wapi?
Wakacheka.
Leo nimeuliza tena.

Kesho ni siku ya tatu.