Ijumaa ya Rasmané

Kibanda chake na changu, Soko la Kenyatta,
vilitenganishwa na kipande cha bati
na subira yangu.
Mimi nauza zipu, vifungo, uzi wa rangi zote;
yeye aliwashonea watu wanene wa balozini kanzu pana
kwa kitambaa cha kwao, pamba tupu,
kilichofumwa kwa mkono utepe kwa utepe,
kisha tepe zikaunganishwa hata usijue zilipokutana.
"Nchi yetu ndivyo ilivyo," alisema. "Tazama.
Burkina ni neno la Wamosi: waadilifu.
Faso ni la Wajula: nyumba ya baba.
Na raia akijiita Mburkinabe,
hiyo *be* ya mwisho tumeiazima kwa Wafulani.
Lugha tatu, jina moja. Mshono uko wapi?"
Nikamwambia mshono uko kwenye suruali ya Bwana Ojuka,
aliyoirudisha jana imeachia matakoni.

Kila Ijumaa, kabla ya swala,
aliifunika cherehani, akavaa koti,
akasimama mlangoni kama mtu aliyeudhiwa na ulimwengu.
"Naondoka. Narudi Wagadugu."
Kazi yangu ilikuwa kumsihi.
Baki, Rasmané, nani atapunguza mikono ya mashati ya Kariuki?
Baki, una deni la chai kwa Mama Nyaboke.
Basi hushusha pumzi, akavua koti, akafunua cherehani.
Kwao, alinieleza, mfalme wa Wamosi
hufanya vivyo hivyo Ijumaa asubuhi, tangu enzi za mababu:
hutoka na mavazi mekundu ya vita,
farasi ametandikwa,
wakuu wakamwomba asiende,
naye akaingia ndani, akatoka tena amevaa nyeupe.
Farasi hutanduliwa. Watu huenda kazini.
Hakuna anayechoka kumsihi.

Mimi nilichoka.
Ijumaa moja ya Mei, mvua, wateja hakuna,
nikamwambia: Nenda, basi.
Alisimama na koti lake, akasimama,
hadi Mama Nyaboke akaacha birika jikoni
akaja kumsihi kwa niaba yangu.

Halafu kulikuwa na Toé, dereva wa Gigiri, Msamo.
Siku ya kwanza alipofika nilikimbilia askari wa soko.
"Mtumwa wangu, umekula?"
"Wewe mla vichwa vya mbwa, nani kakufungua kamba?"
Walitukanana hadi machozi,
kisha wakagawana hindi moja la kuchoma.
Ni jadi, walisema: Mmosi na Msamo hawagombani, hutaniana.
Nikamkumbuka mama, Mzigua wa Handeni,
na Wanyamwezi waliokuja matangani kwa bibi
wakaficha sufuria za wali mpaka tulipowalipa.
Kumbe utani haukuishia Tabora.
Umekatiza bara zima bila pasipoti,
na hakuna aliyeugongea muhuri.

Rasmané alifariki Jumatano.
Moyo, walisema pale Mbagathi.
Hata Ijumaa hakuingoja.

Makaburini Kariokor tulikuwa watu kumi na wanne,
imamu ana haraka, mawingu yameshuka.
Toé akajitosa ndani ya kaburi tupu,
akalala na suti yake ya kazi, mikono kifuani.
"Hazikwi mtumwa wangu mpaka nilipwe!"
Wachimbaji wakashika sepetu zao.
Mtu akanong'ona: huyu kalewa.
Ni mimi peke yangu niliyejua.
Nikachutama ukingoni, nikatoa shilingi hamsini.
"Haitoshi."
Nikatoa mia.
"Mia? Kwa Mmosi? Ghali mno. Lete ile hamsini."
Nikacheka. Akacheka, udongo ukimwingia puani.
Aliponinyooshea mkono nimvute
ulikuwa unatetemeka mpaka begani.

Kabla hawajamteremsha
niliinama karibu na sanda
nikasema, polepole, nisisikike na imamu:
Baki, Rasmané.
Mikono ya mashati ya Kariuki bado mirefu.