Nyuzi Mia Tatu

Lugha yetu ni bahili wa maneno, au karimu, sijui:
uzi wa kushonea ni uzi,
na joto la mgonjwa nalo hupimwa kwa nyuzi.
Nikiandika daftarini "nyuzi mia tatu"
Sengasu huuliza: za kuhesabu au za kuunguza?
Zote mbili, namwambia.

Karakana yetu iko Pongwe, nyuma ya ghala kuukuu la katani.
Vumbi la saruji linatua juu ya mabati.
Ndani tuna mapipa mawili ya lami,
si ile ya kumwaga barabarani,
hii ni mashapo ya mashapo,
kilichobaki baada ya makaa ya mawe kukamuliwa kila chenye bei.
Ukiigonga nyundo inavunjika kama chupa.
Ukiipasha moto inakumbuka kutiririka.

Kwenye hadubini niliyaona
matone yakizaliwa ndani ya weusi,
yakimeremeta rangi za shingo ya njiwa,
yakigusana, yakimezana,
mpaka lami yote ikalala upande mmoja
kama nywele zilizopitishwa kitana.
Sikumwita mtu.
Nilitaka niwe nayo peke yangu, dakika moja tu.

Kisha tundu, jembamba kuliko ncha ya sindano.
Lami inasukumwa, inashuka, gurudumu linaivuta,
unatokea uzi usioonekana
ila taa ikiwa ubavuni.
Uzi mbichi: ukipumua vibaya, umekatika.
Tulizima feni.
Sengasu, na kifua chake cha vumbi, alikwenda kukohoa barabarani.

Hapo ndipo kazi ilipotushinda mara kumi na nane.
Kwani uzi wa lami ukiutia motoni moja kwa moja
unarudi kuwa lami.
Sharti kwanza ule hewa, kidogo kidogo,
ujifunze kutoyeyuka.
Ndipo unafungiwa tanurini pasipo hewa,
katika naitrojeni, nyuzi elfu na ushee,
na kila kisicho kaboni kinaaga.

Mara ya kumi na nane tulifika mia mbili na sitini,
umeme ukakatika Pongwe nzima.
Uliporudi, tanuru likakurupuka,
likaruka nyuzi arobaini kwa pumzi moja.
Asubuhi nilitoa trei: ukoko.
Sengasu aliubandika ukutani, akaandika tarehe.

Mara ya kumi na tisa zilitoka.

Nikampelekea mama, Ngomeni, kicha cha nyuzi mia tatu,
chote hakijafika unene wa uzi wa cherehani.
Miaka ishirini na sita alisimama kwenye korona,
mashine iliyomla vidole viwili
ikamwachia vinane vyenye akili.
Singa akizigusa anakutajia daraja, macho kafumba.
Akakishika kicha changu, akakivuta. Akakivuta tena.
Midomo ikambenuka: si haba.
Halafu akafanya ambalo mtu yeyote wa mkonge angefanya,
akakipiga fundo.

Tak.

"Wewe," alisema, akivitazama vipande viwili
kana kwamba vimemtukana,
"uzi usiokubali fundo utafunga nini?"

Majibu nilikuwa nayo. Kwamba haufungwi,
unalazwa sambamba na wenzake, unanyweshwa gundi,
unakuwa ubavu wa kitu chepesi kisichopinda.
Grafu nilikuwa nayo mkobani.

Nikachukua kipande kirefu.
Ncha moja nikaigandisha kwa gundi kwenye mwimo wa dirisha,
nyingine kwenye kipande cha kadi,
na kwenye kadi nikatundika kufuli la mlango wake,
lile zito, la shaba.
Lilizunguka kidogo, likatulia.
Kwa mbali ungeapa limeshikwa na hewa.

Mama hakusema kitu. Akabandika chai.
Kila akipita analitazama, kwa jicho la pembeni,
kama anavyomtazama mgeni anayekawia kuaga.

Alfajiri kufuli lilikuwa palepale.
Mlango ulikuwa umelala wazi usiku kucha.