Mabati ya Yerko

Huku Punta Arenas upepo haubishi hodi.
Kwenye kona za mji hufungwa kamba
watu washike, wasibebwe na kofia zao.
Yerko, jirani yangu, alishika kamba miaka mitatu,
tena si barabarani:
jikoni kwake, ameketi, chai imepoa.

Ukuta wake wa mabati ulikuwa na viraka kumi na viwili vya rangi,
kila kimoja upana wa kiganja.
Manjano ya kiini cha yai, bluu ya sare za shule,
nyekundu mbili ambazo yeye tu aliweza kuzitofautisha.
"Kwanza nizione zikinyeshewa," alisema.
Zikanyeshewa.
"Sasa nizione kwenye theluji."
Theluji ikaja, ikaenda, ikaja.
Kutu haikuomba muda wa kufikiri.

Na Nélida, muuguzi, ng'ambo ya mlangobahari,
alikuwa amemuuliza swali moja, mara moja:
Utakuja tuishi wote Porvenir, au huji?
Nipe wiki, alijibu.
Wiki ile ikazaa, watoto wake wakazaa.
Yerko akapiga mstari katikati ya karatasi ya kalenda,
kulia faida, kushoto hasara,
akakwama hapo hapo:
hakujua mbwa amwandike upande gani.

Njia mbili zilimshinda fisi kwa kuwa fisi alitembea.
Yerko hakutembea.
Alifika njia panda akaizungushia ua,
akaingiza jiko, akatundika pazia,
akawa mwenyeji wa pale.
Nilimwambia, kutochagua nako ni kuchagua.
"Hilo," akasema, "nitalifikiria."

Nélida hakuuliza tena.
Barua zake zikabaki na habari za kondoo na bei ya unga.
Nadhani ukimya ule ndio uliomnyima usingizi,
ingawa yeye alilaumu paa.

Mwezi wa nane, usiku, paa likalaumika kweli:
bati la juu ya kitanda chake
likang'oka, likaruka ua, likatua kwenye kabichi zangu.
Akalifuata, amevaa nguo za kulalia na buti.
Hakuniuliza kama angoje kupambazuke.
Hakuniuliza msumari upi.
Nilishika ngazi, yeye juu, misumari mdomoni,
mkono unafanya kazi, kichwa hakijaitwa.

Aliposhuka alikuwa anatetemeka.
"Umeona? Sikufikiri."
Nimeona.
"Na haikuwa vibaya."
Msumari mmoja umekwenda upande, nikamwambia.
Akatazama juu, akatazama sana.
"Ndiyo. Lakini limeshika."

Asubuhi alifungua kopo la kijani.
Usinitafutie maana ya kijani:
ni kopo ambalo kifuniko chake kilikubali.
Akapaka juu ya manjano, juu ya bluu,
juu ya nyekundu zote mbili,
na kila kiraka kilipozama
aliguna kidogo, kama mtu anayeaga.
Kuchagua kuna msiba wake, na hakuna wa kukupa pole.

Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe.
Kwamba kwenye kivuko alitapika, na bahari ilikuwa shwari.
Kwamba alikuwa amejiandalia maneno, yakamwishia ngazini.
Kwamba Nélida alifungua mlango, ana unga viganjani,
naye akasimama kizingitini, mbwa kwapani,
akasema ukweli pekee aliokuwa nao:
"Sina hakika."

"Mimi nami sina," Nélida akamjibu.
"Ndani au nje, Yerko. Kuni zinaisha."

Mbwa ndiye aliyeingia kwanza.

Sasa nyumba ile naitazama kila siku nikiosha vyombo.
Kijani chenyewe, nikisema kweli, ni kibaya,
kama supu ya hospitali.
Usiku upepo ukija natega sikio
nisikie lile bati lenye msumari wa upande.
Linalia.
Limeshika.