Baridi Inayokumbuka

Saa kumi na mbili asubuhi, Isyonje.
Umande umeganda juu ya majani ya viazi
kama chumvi iliyomwagwa na mtu asiye na haraka.
Subilaga ameshika mita ya shule,
ile yenye waya uliofungwa plasta ya zahanati.
Mezani, karatasi na mstari wa penseli,
mwembamba kuliko utando wa maziwa.

Tulianza na waya wa shaba.
Baridi iliifaa: ukinzani ukashuka,
nami nikavimba kidogo, kama nilivyofundisha.
Kisha mstari wa penseli. Namba zikapanda.
Akaandika, akauliza bila kuinua macho:
"Mwalimu, huu mbona baridi inaukunja?"

Sikuwa na jibu la ubaoni.
Nilikuwa na ukungu.

Mwaka fulani nilikata njia kwenda Kitulo,
ukungu ukashuka, nisione hata fimbo yangu.
Nikapinda kwenye visiki, nikapinda kwenye mawe,
nikakuta nyayo mbichi, nikashangilia: kuna mtu!
Zilikuwa zangu.
Soli ya kulia imekatika palepale.

Elektroni nayo ni wimbi, Subilaga.
Penye kasoro hugonga, hugeuka,
huzunguka kushoto na kulia kwa pamoja,
na njia zote mbili huirudisha ilipoanzia
zikiwa zimepatana.
Katika waya mnene ina pa kukwepea.
Katika utando hakuna juu, hakuna chini.
Wala haiko peke yake. Zote zina chaji hasi, zinasukumana,
kama mimi na Mwaisumo juu ya tuta la mpaka:
nampisha kushoto, naye kushoto,
kulia, naye kulia,
magunia kichwani, hapiti mtu.
Njia ikiwa mbovu tunakaa karibu muda mrefu,
na ugomvi unakolea.

Joto hutikisa, na mtikiso husahaulisha.
Wimbi lililosahau lilikotoka
husonga mbele.
Baridi hutuliza,
na kilichotulia hukumbuka, kikarudi.

Saa saba jua likatoka. Tukapima tena.
Namba zikashuka, kidogo, kama anayeona aibu.
Nilitaka kupiga makofi.
Subilaga akaikunjua karatasi, akainusa:
"Au ilikuwa na unyevu tu, mwalimu?"

Nikamwambia aandike na hilo.
Leo inakauka juu ya jiko la mama Anyimike,
imebanwa kwa pini ya nguo, karibu na mahindi ya mbegu.
Tunaingoja baridi.