Mvua Kumi na Moja

Mwatabu alinirudishia mswada Jumanne
katika chumba cha chai, bohari ya vifurushi, Dundee,
umefungwa kwa mpira wa bahasha,
na pembeni, kwa kalamu ya kijani,
ameandika tarakimu tu:
moja, mbili, tatu, mpaka kumi na moja.

"Ndiyo nini hii?"
"Mvua zako," akasema,
akichovya biskuti.
"Kila watu wako wakikaribia kugombana
wewe unanyesha."

Nikacheka. Hapa mvua ni kitu cha kuokota,
inanyesha Lochee, inanyesha Hilltown,
inanyesha juu ya daraja la reli na mto Tay
pasipo kuombwa na mwandishi yeyote.
"Lakini hadithi yako iko Dodoma," akasema.
"Mwezi wa Agosti."

Nyani haoni kundule.
Mimi langu nilikuwa nimelipiga chapa
na kulitia namba za kurasa.

Usiku nikafungua ukurasa wa arobaini.
Ndahani amesimama mlangoni, anamuuliza mdogo wake:
Chiduo, fedha ya dawa za mama uliipeleka wapi?
Hapo mawingu yakatanda,
wote wawili wakatoka mbio kuanua nguo.

Miaka minne zile nguo zinaanuliwa.

Nikaifuta mvua.
Wakabaki wanaume wawili, swali moja,
na friji yangu ikinguruma.
Sikujua mtu hujibu nini.
Sikuwahi kukaa hadi mtu ajibu.

Maana nami niliulizwa, Machi ile, kwa simu.
Elieza, kaka yangu, bila hata kupandisha sauti:
"Zile ulizoahidi za hospitali, vipi?"
Nikasema, "Mtandao unakatika, sikusikii,"
nami nasikia hadi kijiko kikigonga kikombe chake.

Mficha uchi hazai,
mama alipenda kusema,
akimaanisha mambo ya kliniki.

Jibu la Chiduo niliandika mara sita.
Mara ya kwanza alilia. Nikamnyang'anya machozi.
Mara ya tatu aliomba radhi vizuri mno,
kama mchungaji mgeni.
Mara ya tano nilimtia kikohozi, aonewe huruma;
nikakitoa.
Mara ya sita, saa kumi kasoro, akasema tu:
"Nilinunua jaketi,"
na hakuna aliyetoka nje.

Dirishani ilikuwa inanyesha kwelikweli,
inapiga mapipa ya taka ya jirani.
Nikaiacha hukohuko.

Mwatabu alisoma akiwa amesimama, koti mkononi.
Biskuti ikakatika, ikazama, hakuijali.
Akageuza karatasi, akairudia tena.
Kisha akafungua kifuniko cha kalamu ya kijani.
"Sasa hizi kama, kama, kama zako.
Nimehesabu hamsini na nne."

Zamu imeisha. Nimekaa kituo cha basi,
mswada ndani ya mfuko wa nailoni.
Simu inaonyesha vijiti vinne vya mtandao.
Ninashuka kwenye majina, polepole,
hadi herufi E.